EEDI: kipimo kinachoamua injini ya meli ya mizigo

EEDI ni kipimo cha hewa ya ukaa ambayo meli mpya itatoa kwa kila tani ya uwezo wake wa kubeba, kwa kila maili ya baharini. Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) limekifanya cha lazima tangu 2013. Hukokotolewa meli ikiwa bado michoro, kisha huhakikiwa kwenye safari ya majaribio.

Hesabu huchukua asilimia 75 ya nguvu ya injini kuu, mafuta yanayochomwa kwa nguvu hiyo na kaboni iliyomo, halafu hugawanya kwa uwezo wa kubeba mara mwendo. Nguvu ya kusukuma meli hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo: punguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu inashuka kwa karibu 27. Kwa hiyo njia ya mkato ya kushusha EEDI ni kufunga injini ndogo. Ni mkato wa hatari, kwani meli nzito ikikumbwa na dhoruba karibu na pwani huenda ikashindwa hata kuelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo. Ndiyo maana meli za mafuta na za shehena ya kichele (isiyofungashwa, kama nafaka) zimewekewa nguvu ya chini kabisa.

Njia bora, kwa maoni yangu, iko nyuma kwenye tezi. Rafadha (propela) kubwa inayozunguka polepole husukuma maji mengi kwa utulivu, na nishati kidogo hupotea kwenye mkondo unaobaki nyuma. Injini kuu za meli kubwa za mizigo kwa kawaida hazina giaboksi, zimeungwa moja kwa moja na shafti, hivyo nazo lazima zizunguke taratibu. Wahandisi wakarefusha umbali ambao pistoni husafiri ndani ya silinda, na leo zipo zinazozunguka mara 80 hivi kwa dakika, karibu na mapigo ya moyo wa mtu aliyetulia.

Kanuni inayodhibiti oksidi za nitrojeni, gesi zinazochafua hewa, huvuta upande mwingine, maana mwako wenye joto kali hubana matumizi ya mafuta lakini huzalisha oksidi hizo kwa wingi.

Gesi asilia hushusha EEDI haraka, kwa kuwa tani yake moja hutoa tani 2.75 za hewa ya ukaa, ilhali mafuta mazito hutoa 3.114. Ila EEDI huhesabu hewa ya ukaa peke yake. Methani inayoponyoka silinda bila kuungua, yenye uwezo mkubwa zaidi wa kuongeza joto angani, haimo kwenye hesabu, na hilo ndilo pengo linalonisumbua zaidi.