Aleksandria: fuata jiwe jekundu

Kila nikisema nimerudi Aleksandria hakosi mtu wa kuniambia "hata mimi nilienda, mbona hamna kitu kule?" Nikimuuliza alienda vipi, ni yale yale. Alikuwa Cairo kuona piramidi, akakodi gari alfajiri, akapiga selfi mbele ya ngome, akala samaki, jioni karudi. Sasa kwa staili hiyo hata Mji Mkongwe si ungeuona vichochoro na paka tu?

Mimi kazi yangu ni majengo ya zamani. Chokaa, boriti, kuta za matumbawe zinazomeguka, hayo ndo mambo yangu ya kila siku hapa Unguja, kwa hiyo nakubali naangalia vitu ambavyo mwenzangu anavipita. Lakini hiki kimoja hakihitaji usomi: ukifika Aleksandria tafuta jiwe jekundu. Jiwe la pale pale ni la chokaa, jeupe linaloelekea umanjano, laini, ukilikwaruza na ufunguo linatoa unga (usilikwaruze lakini, mimi nshafokewa). Granaiti nyekundu yenye madoa madoa haipo upande ule wa Misri, inatoka Aswan huko kusini, zaidi ya kilomita 1,000 ukifuata mto. Kwa hiyo popote unapoiona, iwe kizingiti cha mlango au kipande cha nguzo kimelazwa ndani ya ukuta, jua kuna mtu aliiteremsha Nile nzima kwa chombo, halafu miaka mia kadhaa baadaye mwingine akaing'oa kwenye jengo lililokufa akaitia kwenye la kwake. Mji ule umejila na kujijenga hivyo hivyo tangu Aleksanda Mkuu alipouanzisha mwaka 331 KK, ndo maana ukitafuta magofu yamesimama kama Luxor utasema hamna kitu.

Anza na ngome basi, maana kila mtu anaanza hapo. Ngome ya Qaitbay ilijengwa kuanzia 1477 na sultani wa jina hilo, wa Wamamluki waliotawala Misri zama hizo, juu ya msingi wa ule mnara wa taa maarufu, Pharos, mmoja wa maajabu saba ya dunia ya kale. Mnara ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, chini mraba, katikati pembe nane, juu duara, na ulisimama miaka elfu moja na mia kadhaa ukipigwa na chumvi na matetemeko. Lile la mwaka 1303 ndo lilivunja mgongo wake. Ibn Battuta, msafiri huyu huyu aliyekuja kwetu Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita Aleksandria 1326 akakuta upande mmoja umebomoka lakini bado anaweza kuingia, aliporudi 1349 hata mlangoni hakuweza kufika. Mi nikisoma habari hiyo najisikia kama nasoma ripoti ya ukaguzi wa jengo, maana ndivyo yanavyokwenda, jengo halifi siku moja, linakufa kati ya safari yako ya kwanza na ya pili.

Ukiwa pale usikimbilie juu kwenye bendera. Simama mlangoni kwanza uangalie granaiti iliyouzunguka, kisha zunguka upande wa baharini utafute nguzo nyekundu zilizolazwa ndani ya ukuta, unaona vichwa vyake vya duara tu kama magogo yaliyopangwa. Hata sisi tunatia boriti ukutani, ila hawa wametia nguzo za mahekalu. Na chini ya maji, hapo hapo mbele ya ngome, wapiga mbizi walioanza kuchunguza 1994 wamehesabu maelfu ya vipande, masanamu na mawe makubwa makubwa. Wewe hutayaona, utaona vitalu vya zege vilivyomwagwa kuzuia mawimbi yasiendelee kuitafuna ngome. Watu wa Forodhani wanaujua ugonjwa huo.

Jambo jingine ambalo hata madereva wa pale hawakwambii: hapo uliposimama palikuwa kisiwa. Wagiriki walijenga tuta la kukiunganisha na bara, mchanga ukajaa pande zote mbili karne kwa karne, na sasa juu ya tuta kuna mtaa mzima, masoko, nguo zimeanikwa barazani. Unapotembea kutoka ngomeni kurudi mjini unatembea juu ya mchanga uliojileta wenyewe.

Na ukirudi kwa miguu utapita Anfushi, wanakotengeneza mashua za mbao, harufu ya msumeno na rangi utadhani uko nyumbani, halafu utafika uwanja wa misikiti. Wageni wote wanaingia kwa Abu al-Abbas al-Mursi, walii wa tarika ya Shadhili aliyetoka Andalusia akafariki karne ya 13. Msikiti mzuri sana, ila jengo lenyewe ni la karne ya 20, limechorwa na Mtaliano, Mario Rossi. Mimi nakuomba uvuke uwanja uingie msikiti mdogo unaoutazamana. Huo ni wa Busiri. Ndiyo, huyo huyo mtunzi wa Burdai, kasida ya kumsifu Mtume! Na Hamziya ni yake pia, ile ambayo Sayyid Aidarusi wa Pate aliigeuza Kiswahili zaidi ya miaka 250 iliyopita, mojawapo ya kazi kongwe kabisa tulizonazo. Nimekua nasikia mashairi ya mtu huyu kwenye shughuli zetu na sikuwahi kujiuliza kalazwa wapi, siku hiyo naingia nakuta beti za Burdai zimeandikwa kuzunguka kuta, nikabaki mdomo wazi. Kulikuwa na mzee kakaa pembeni anasoma polepole, nikaitikia chini chini kwa mahadhi yetu ya maulidini. Akanyamaza, akasikiliza, akauliza kwa Kiarabu chao ambacho Kiarabu changu cha chuoni kinakishika nusu tu, "haya mahadhi ya wapi?" Nikasema Zanjibar. Akaniashiria niendelee mimi, aitikie yeye.

Tuendelee na mawe. Nguzo wanayoiita ya Pompey haina uhusiano na Pompey, yule jenerali wa Kirumi, hata kidogo, ilisimamishwa kwa heshima ya kaisari wa Roma, Diocletian, mwishoni mwa karne ya 3, ni wasafiri wa Ulaya waliochanganya mambo. Mwili wake ni jiwe moja tu, granaiti yetu ile ile, kama mita 20 bila kiungo. Nenda asubuhi, kaa chini yake, waza winchi hazikuwepo. Zile nguzo mbili za kifarao zenye ncha zilizokuwa karibu na ufukwe usizitafute, moja ipo London tangu 1878 na nyingine New York.

Karibu na hapo kuna makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el-Shoqafa, ambayo kwangu ndo bora kuliko vyote. Yaligunduliwa mwaka 1900 punda alipotumbukia shimoni, maskini. Unashuka ngazi za kuzunguka kisima, maiti wao walikuwa wanateremshwa kwa kamba katikati ya kisima hicho, na ukifika chini unakuta ukumbi wenye mabenchi ya mawe ambapo ndugu wa marehemu walikaa kula siku za kumkumbuka. Mlangoni kuna Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, kavalishwa magwanda ya askari wa Kirumi. Mafundi wa karne ya 2 hawakuona shida kuchanganya. Ila mimi muda mwingi nilikuwa naangalia sakafu na unyevu unavyopanda ukutani, maana maji ya chini ya ardhi yaliyatesa makaburi haya miaka mingi mpaka mradi wa pampu ulipokamilika 2019, na ukuta ulioloa ukikauka chumvi ndo inachanua. Basi ukiona unga mweupe ukutani usiguse.

Maktaba mpya, ya 2002, nenda hata kama husomi, ukuta wake wa nje ni granaiti ya Aswan iliyochongwa herufi za dunia nzima. Safari hii angalau jiwe lilinunuliwa jipya.

Usafiri: panda treni kutoka kituo cha Ramses, Cairo, saa mbili na nusu mpaka tatu hivi. Treni inasimama Sidi Gaber kwanza, watu wengi wanashuka, na mimi safari ya kwanza nikashuka nao nikaburuza begi kutafuta hoteli iliyokuwa mbali kweli. Kituo cha mwisho kinaitwa Mahattat Misr, kituo cha Misri, nikajiuliza si tupo Misri tayari? Kumbe kwao Misri ni Cairo pia.

Mi huenda Novemba, wageni wachache. Ila baridi ipo na dhoruba zao zina majina na tarehe zake, mabaharia wanazijua kama sisi tunavyojua kusi na matlai. Ya katikati ya Novemba inaitwa el-Maknasa, ufagio, na ilinikuta kwenye duka la samaki, mawimbi yanaruka ukuta wa Kornishi, ile njia ya ufukweni, mpaka barabarani. Pale unachagua samaki mwenyewe, wanampima, wanamgaragaza kwenye pumba za ngano bila mafuta, anawekwa motoni anaungua nje mweusi tii, ukimbandua ngozi ndani mweupe na maji yake yote. Mchomaji akaniuliza kwetu upepo wa sasa unaitwaje. Nikamwambia tunasubiri kaskazi. "Kaskazi," akarudia, akacheka, akaniongezea ndimu.