Brashi laini kuliko zote si lazima iwe bora kuliko zote

Jumamosi, bi harusi akiwa kitini, mwanafunzi wangu alinipitishia brashi mpya ya mekapu shavuni. "Dada, sikia ulaini huu! Imetoka Japani, manyoya ya kindi matupu. Juu ya hii hakuna nyingine." Kisha akaichovya kwenye blasha ya krimu, rangi ya mashavu. Muda si muda manyoya yakagandana, na shavu la bi harusi likatoka mistari mistari. Tulifuta, tukaanza upya, na gari la kuelekea ukumbini linapiga honi nje. Mwaka huu nimeshachoka kusikia kwamba brashi ikiwa laini zaidi ndiyo bora zaidi, kwa hiyo naandika.

Manyoya ya kindi wa kijivu ni laini kweli, hilo sibishi. Lakini unyoya wake ni mwembamba na unabeba poda kidogo. Kama poda imesagwa vizuri na rangi yake ni kali, unaweza kuipaka nyepesi mno, ikaonekana kama damu inayopita chini ya ngozi. Mpe poda iliyoshindiliwa ikawa ngumu, utazungusha brashi mpaka mkono uchoke na rangi haitoki. Krimu na vitu vya maji usimpe kabisa. Mbuzi, yaani brashi ya manyoya yake, ana nguvu zaidi na anashika rangi zaidi, na kwa ngozi zetu nyeusi, ambazo blasha inatakiwa ibebwe ya kutosha ndipo ionekane, mara nyingi ndiye ninayemhitaji. Halafu mbuzi wenyewe wana madaraja. Saikoho, lile la juu, ni laini kiasi kwamba ukifumba macho unaweza kudhani ni kindi, lakini kazi yake bado ni ya mbuzi. Kwa hiyo anayeniuliza "ipi ni bora?" bila kuniambia anapaka nini, sina jibu la kumpa.

Ubora wenyewe uko kwenye ncha. Nenda kwa macho ya akili hadi Kumano, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Hiroshima, unaotoa takribani asilimia 80 ya brashi zote za Japani. Wakulima wa huko, kwa uhaba wa mashamba, walikuwa wakienda kufanya vibarua upande wa Nara, mkoa mwingine wa Japani, wakirudi wananunua brashi za kuandikia ili wauze njiani. Baadaye wakajifunza kuzitengeneza wenyewe. Kwa Kijapani brashi ya kuandikia na ya mekapu zote ni fude, na ufundi ni ule ule: ncha ya unyoya haikatwi. Fundi anachambua manyoya, anaondoa yaliyogeuka na yaliyovunjika, kisha anayatumbukiza kwenye kikopo cha mbao kiitwacho koma, ncha zikitangulia chini, na kukigongagonga hadi yajipange kwa umbo la kikopo. Kama brashi inatakiwa iwe ya duara, uduara unatokana na mpangilio huo. Mkasi haugusi ncha.

Brashi iliyopewa umbo kwa mkasi ina ncha butu, na ncha butu zinachoma kama ndevu za juzi. Ishike kwenye mwanga utazame kwa karibu: ncha nzima, isiyokatwa, inakwenda ikikonda hadi inapotelea, iliyokatwa inaishia ghafla. Tazama hivyo kabla hujaigusisha shavuni, maana dukani hata brashi mbaya inaweza kupakwa dawa ya kulainisha, na dawa hiyo inaondoka na maji ya kwanza.

Mengine ni mafupi. Pete ya chuma inayoshika manyoya isicheze. Osha kwa sabuni nyepesi, maji yasiingie ndani ya pete, laza ikauke. Brashi ya manyoya yaliyotiwa rangi nyeusi ikichuja kidogo siku ya kwanza, usirudi dukani kugombana. Kwa krimu na fondesheni ya maji chukua brashi ya nyuzi za kutengenezwa kiwandani, hazinywi krimu. Nazo si za kudharau, Kumano kwenyewe wanazitengeneza.

Lipo jambo linalonisumbua bado. Mwaka 2011 serikali ya Japani iliipa timu yake ya wanawake, mabingwa wa dunia wa soka, seti za brashi za mekapu za Kumano kama zawadi ya heshima. Nchi inajivunia ufundi huo, nami nikizishika brashi hizo naelewa kwa nini. Lakini mgeni wa harusi aliyekaa meza ya tano akimtazama bi harusi, sidhani anaona kama poda imepakwa na ncha nzima au iliyokatwa. Mimi naiona kwenye muda: kazi ya dakika kumi inakuwa ya dakika sita, na ngozi haiwi nyekundu kwa kusuguliwa. Kwa anayejipaka mara moja kwa wiki, sijui kama hilo linatosha kuhalalisha bei.

Mwanafunzi wangu nimemwambia brashi ya kindi aiweke kwa ajili ya poda ya kung'arisha, na mshahara ujao anunue moja ya mbuzi, ya ukubwa wa shavu, isiyotiwa rangi.