Je, wajua kwa nini saratani ya utumbo hujificha kwa mwenye kolaitisi?

Neno letu "uvimbe" lina kazi mbili. Kidole kikijikwaa kikawa chekundu na kujaa, kina uvimbe. Mtu akiambiwa kuna kitu kimeota tumboni mwake, hicho nacho ni uvimbe. Kwa kawaida mazungumzo yenyewe humaliza utata. Lakini wapo wagonjwa ambao utata huo umo ndani ya utumbo wao, na daktari mwenye kamera huukuta huko huko. Hao ni wenye kolaitisi ya vidonda na wenye ugonjwa wa Crohn, maradhi mawili sugu ambayo kinga ya mwili huushambulia utumbo, ukavimba na kuwaka kama moto, ukatulia, kisha ukawaka tena, miaka nenda miaka rudi.

Kwamba watu hawa hupata saratani ya utumbo mpana kuliko wengine si habari mpya. Mwaka 1925, Burrill Crohn, yule yule ambaye jina lake lilikuja kupewa ugonjwa wa pili, aliandika pamoja na Herman Rosenberg kuhusu mgonjwa wa kolaitisi aliyekutwa na saratani. Mwaka 2001 mtafiti Jayne Eaden na wenzake walikusanya tafiti zaidi ya 100 na kukadiria kwamba kati ya wenye kolaitisi ya vidonda, asilimia 2 huwa wamepata saratani hiyo ikifika miaka 10 ya kuugua, asilimia 8 ikifika miaka 20, na asilimia 18 ikifika miaka 30. Tafiti za baadaye zimetoa hesabu ya chini zaidi. Dawa zimeboreka, uchunguzi umeongezeka, na tafiti za zamani nyingi zilihesabu wagonjwa wa hospitali kubwa, ambako wagonjwa mahututi ndio hurundikana. Kwa hiyo ile 18 isimtoe mtu usingizi. Kinachobaki kweli ni kwamba hatari hupanda kadiri miaka inavyokwenda na kadiri sehemu kubwa ya utumbo inavyohusika.

Mtu atauliza: si kuna kipimo cha choo? Kipo, na kwa watu wengine kinafaa sana. Hutafuta damu kidogo isiyoonekana kwa macho, kwa sababu saratani huvuja damu. Ila utumbo wenye vidonda huvuja damu hata bila saratani, kwa hiyo jibu lake haliwezi kutegemewa. Kipimo kingine cha choo, cha kalprotektini, hupima jinsi utumbo ulivyowaka, basi. Dalili nazo hazisaidii sana. Kuharisha, damu chooni, tumbo kusokota, kukonda: ndizo dalili za saratani, na ndizo ambazo mgonjwa huyu amekuwa akiishi nazo tangu siku ya kwanza.

Inabaki kamera, yaani kolonoskopi. Hapa ndipo penye ugumu wenyewe.

Kwa mtu asiye na kolaitisi, saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza na polipu, kinyama kidogo kinachoota juu ya utando laini. Mara nyingi jeni iitwayo APC huharibika mwanzoni, nyingine hufuata, na TP53, jeni inayozizuia seli zenye kasoro zisiendelee kugawanyika, huharibika mwishoni. Polipu huchukua miaka mingi kukua, na ikionekana hukatwa. Kwenye kolaitisi mpangilio hugeuka: TP53 huharibika mapema, wakati mwingine kabla macho hayajaona lolote, na APC huja kwa kuchelewa au isije kabisa. Kila ugonjwa unapoamka, kemikali kali zinazotolewa na seli za kinga huchubua vinasaba, na seli hulazimika kugawanyika haraka ili kuziba majeraha. Kugawanyika haraka huku vinasaba vimechubuka ndiko kunakozaa makosa. Na kwa kuwa moto uliwaka eneo zima, makosa hutawanyika eneo zima, kama shamba ambalo kwekwe zimeangusha mbegu kila mahali hata kabla ya moja kuchipua.

Seli zilizoanza kupotoka bila kufika kuwa saratani huitwa displasia, na displasia ndiyo hasa inayotafutwa. Hapa mara nyingi haisimami kama polipu. Hulala bapa, ikafanana na utando wa jirani, kingo zake zisijulikane zinaishia wapi. Halafu iko katikati ya makovu, na ya vinyama bandia, mabaki ya utando ulioponea kati ya vidonda, ambavyo huweza kujaa makumi kwa makumi bila kuwa na ubaya wowote.

Zamani jibu lilikuwa kukata bila kuona. Daktari alichukua vipande vinne kila sentimita 10, vipande 32 au zaidi, kila kimoja cha milimita chache. Ukivipanga vyote pamoja havifiki hata asilimia 1 ya utando wa utumbo mpana. Ilikuwa bahati nasibu, tena ya kuchosha, ingawa kwa wagonjwa wenye hatari kubwa bado hufanywa kwa nyongeza.

Njia iliyobadilisha mambo ni rangi. Daktari hupitisha maji ya buluu kwenye mrija wa kamera na kuunyunyizia utumbo akiwa anarudi nyuma taratibu. Indigo karmini, jamaa ya nili, hainyonywi. Huteleza na kutuama kwenye vijifereji vya utando, na ghafla ukuta uliokuwa waridi mtupu unaonyesha ramani: vishimo vidogo vya duara vilivyojipanga sawasawa, kisha mahali fulani mpangilio unavurugika, vishimo vinakuwa virefu na kupinda, na ukingo wa buluu unazunguka bapa ambalo sekunde chache nyuma halikuwepo. Methilini bluu hufanya kazi kwa njia nyingine: seli zenye afya huinyonya, zilizopotoka hunyonya kidogo, kwa hiyo doa linalotafutwa hubaki limepauka. Kamera za siku hizi zenye picha kali, na zenye kitufe cha kubadili mwanga, zimefanya wataalamu wabishane kama rangi bado inaongeza kitu kikubwa. Wasichobishania ni kwamba utumbo uliojaa uchafu hausomeki kwa kamera yoyote, na kwamba uchunguzi ufanywe ugonjwa ukiwa umetulia.

Sharti hilo la utulivu lina sababu ya pili, nayo iko chini ya hadubini. Seli zinazotengeneza jeraha huwa na viini vikubwa vyeusi, zimesongamana, zinagawanyika ovyo. Displasia nayo iko hivyo hivyo. Mwanapatholojia hufuatilia kijishimo kimoja kutoka chini hadi juu: kama ni uponyaji, seli hukomaa na kutulia zinapokaribia uso, kama ni displasia, fujo hufika juu kabisa. Hata hivyo mara nyingine haiamuliki, na mpangilio wa madaraja ya displasia uliotolewa mwaka 1983 uliweka wazi daraja la "haijulikani" katikati ya "hakuna" na "ipo". Naliona ni daraja la uungwana. Ndiyo maana pia jibu la "ipo" hupelekwa kwa jicho la mtaalamu wa pili kabla ya mtu kuambiwa chochote kikubwa.

Miongozo mingi huanza uchunguzi mwaka wa 8 tangu dalili za kwanza, si tangu siku ya kupewa jina la ugonjwa, na hurudia kila mwaka 1 hadi 5 kulingana na hatari. Mwenye ugonjwa ulioishia kwenye puru tu hahesabiwi kundi hili. Aliye pia na ugonjwa wa makovu kwenye mirija ya nyongo hasubiri miaka 8: huanza siku anapogunduliwa na hurudi kila mwaka. Kwa Crohn, huhesabiwa aliyeathirika angalau theluthi ya utumbo mpana. Utumbo mwembamba ni shida nyingine. Saratani yake ni nadra, lakini kwa mwenye Crohn mara nyingi hujulikana mgonjwa akiwa tayari amepasuliwa kwa sababu ya kuziba.

Kuziba huko kuna maana tofauti kwenye kolaitisi ya vidonda. Utumbo mpana ukisinyaa mahali pamoja, madaktari hupachukulia kuwa saratani hadi ithibitishwe vinginevyo. Na displasia ikipatikana? Zamani mara nyingi ilimaanisha kutolewa utumbo mpana wote. Leo, kama doa linaonekana vizuri na kingo zake zinashikika, huondolewa kwa kamera ile ile, na baada ya miezi michache mgonjwa hurudi mezani, rangi ikanyunyizwa upya pale pale palipokatwa.