Chai ya Shizuoka na mlo: yanayosemwa na yanayonywewa

Mkoa wa Shizuoka umekaa kati ya Mlima Fuji na Ghuba ya Suruga. Juu kuna mashamba ya chai, chini bandari za wavuvi, na milimani vijito baridi vinamooteshwa wasabi, kiungo kikali cha kijani. Mwenyeji wa huko haumizi kichwa kutafuta chai ya kuendana na chakula. Buli liko mezani kabla ya sahani, na mara nyingi ndilo la mwisho kuondolewa. Lakini ushauri mwingi unaosambaa kuhusu chai ya Kijapani na mlo unazungumza kana kwamba chai ni mvinyo wa kifahari, na humo ndimo dhana nyingi potofu zinamozaliwa.

"Chai ya Kijapani ni matcha."

Matcha, chai ya kijani iliyosagwa kuwa unga, ndiyo inayopigwa picha. Inayonywewa nyumbani ni sencha: majani yanayopigwa mvuke mara baada ya kuchumwa, yakasokotwa na kukaushwa. Kwenye uwanda wa Makinohara, ambako samurai, wapiganaji waliobaki bila kazi baada ya utawala wa kijeshi wa Tokugawa kuanguka, walianza kupanda chai mwaka 1869, majani hupigwa mvuke kwa muda mrefu kuliko kawaida. Huvunjikavunjika, na kikombe hutoka kijani kizito chenye ukungu, laini mdomoni. Aina hiyo huitwa fukamushi. Pamoja na sencha kuna hojicha, yaani majani ya kukaangwa, na genmaicha iliyochanganywa na mchele uliokaangwa.

Matcha ina mahali pake. Katika sherehe kamili ya chai, mgeni hula kwanza mlo mwepesi, kisha kitu kitamu, ndipo huletewa matcha nzito, kwa sababu ni kali mno kwa tumbo tupu. Wali haushushiwi kwa matcha.

"Ni chungu, haiwezi kukaa na chakula."

Nimeona pakiti ya sencha ya zawadi ikimiminwa sufuriani na kuchemshwa dakika kumi kama chai ya rangi. Kilichotoka kilikuwa dawa, na lawama zikaangukia Wajapani wote.

Ndani ya jani mna mambo mawili yanayoshindana. Kuna theanini, inayoleta ladha ya supu, kama mchuzi mwepesi wa samaki. Hiyo hutoka hata kwenye maji ya uvuguvugu. Na kuna katekini, zinazoleta uchungu na ule ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi; hizo hupenda maji ya moto. Kwa hiyo sencha nzuri hutiwa maji ya nyuzi 70 hadi 80, ikaachwa kama dakika moja tu. Huna kipimajoto? Mimina maji yaliyochemka kwenye kikombe, kisha kwenye kikombe kingine. Kila mmimino hupunguza karibu nyuzi 10.

Ukishajua hilo, uchungu haukutishi tena, bali unautumia. Majani yaleyale, kwa maji ya uvuguvugu, yanafaa tofu, ile jibini ya soya, au dagaa wachanga waliochemshwa, ambao Shizuoka huwaita shirasu na kuwamwaga juu ya wali. Kwa maji ya moto zaidi, yanakata mafuta ya kakiage, bajia za mboga na uduvi. Uduvi wa huko ni sakura-ebi, wale wadogo wa rangi ya waridi wanaovuliwa Ghuba ya Suruga majira ya kuchipua na ya vuli. Mlo uleule, buli lilelile, kilichobadilika ni joto la maji.

Na maji yenyewe yana neno. Maji ya Japani kwa kawaida ni laini. Ukitumia maji ya kisima chenye chumvi, ya kule pwani kwetu, sencha hupooza na rangi yake hufifia. Usiilaumu chai.

"Chai ghali ndiyo inayostahili mlo mzuri."

Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi, kwa sababu mambo ni kinyume kabisa. Chukua gyokuro, chai ya kijani ya bei ya juu inayotengenezwa upande wa Asahina, bonde lililoko Okabe. Michai hufunikwa kivuli kwa wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa ili theanini isigeuke kuwa katekini kwa jua. Hutiwa maji ya nyuzi 50 au 60, kidogo sana, ukapata kama vijiko vichache vya kioevu kizito. Kuiweka kando ya samaki aina ya mkunga wa kuchoma wa Ziwa Hamana, aliyepakwa mchuzi mtamu wa soya, ni kutupa pesa: moshi na sukari vitaifunika usiisikie. Mkunga yule anataka hojicha ya moto au bancha, chai ya bei nafuu ya majani yaliyokomaa.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye migahawa ya sushi. Kikombe kikubwa kizito unacholetewa huwa na konacha, vumbi na vipande vilivyochekechwa wakati wa kutengeneza chai ya daraja la juu. Ni masalio. Lakini hutoka haraka, huvumilia maji yanayochemka, na ukali wake husafisha mafuta ya samaki mdomoni kabla ya kipande kinachofuata. Mpishi hakunyimi chai nzuri kwa uchoyo. Amechagua kifaa cha kazi.

Mavuno nayo hufuata kanuni hiyo. Shincha, chai mpya inayochumwa karibu na usiku wa 88 tangu mwanzo wa majira ya kuchipua kwa kalenda ya zamani, yaani mwanzoni mwa Mei, ina theanini nyingi. Watu hutulia, wakainywa peke yake. Mavuno ya pili yana katekini nyingi na bei ya chini, na ndiyo yanayoifaa sahani.

"Hawatii sukari, basi hawapendi chai na kitamu."

Mtu wa Lamu au Unguja hatahitaji maelezo marefu. Kahawa chungu, kashata mkononi: utamu uko kwenye kitafunio. Wajapani hufanya vivyo hivyo na vitamu vya maharagwe mekundu, ila kwa matcha kitamu huliwa kabla, ili chai ikute ulimi umeshaandaliwa.

"Hojicha haina kafeini."

Inayo. Jedwali la vyakula la Japani linaonyesha takriban miligramu 20 kwa mililita 100 za hojicha, sawa na sencha. Genmaicha ina 10. Gyokuro, kwa jinsi inavyokorezwa, hufika 160, na kahawa 60.

"Chai ya kijani ni mmea mwingine."

Ni mmea uleule wa Kericho na Mufindi. Tofauti ni kwamba mvuke huzuia jani lisigeuke jeusi. Hata Shizuoka ina historia ya chai nyeusi: Tada Motokichi, mkulima wa Mariko, alitumwa India na serikali mpya ya Meiji mwaka 1876 kujifunza kuitengeneza. Na wanaosema Shizuoka ndiyo namba moja daima kwa uzalishaji wa chai Japani wamepitwa: mwaka 2024 mkoa wa Kagoshima uliipita kwa uzito wa chai ghafi.

"Inywe na kila mlo, haina madhara."

Katekini hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mchicha na kuyafanya yasifyonzwe vizuri. Mwenye upungufu wa damu au mjamzito ni afadhali aiweke mbali na mlo kwa saa moja hivi. Hilo linahusu pia kikombe chetu cha chai na maharagwe asubuhi.

"Chai huishia kwenye kikombe."

Shizuoka majani laini ya shincha hukaangwa kama tempura, yaani kwa kuchovywa kwenye uji wa unga na kutiwa mafuta ya moto. Yaliyokwisha kutumika kwenye buli hutiwa mchuzi wa soya yakaliwa kama mboga. Wali uliobaki humiminiwa chai ya moto, ukaongezewa wasabi kidogo na mwani, na hiyo ni chazuke. Jioni, kwenye uchochoro wa Aoba mjini Shizuoka, wateja hukaa bega kwa bega mbele ya sufuria ya oden, vitu mbalimbali vilivyotokoswa pamoja, yenye mchuzi mweusi, wakachagua mishikaki yenye mikate ya kijivu ya samaki waliosagwa pamoja na mifupa yao, wakanyunyizia unga wa samaki na mwani. Kinywaji chao wengi ni pombe ya shochu iliyozimuliwa kwa chai baridi ya kijani, wanayoiita Shizuoka-wari.