Linux Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kununua Diski

Mwalimu mmoja alituletea laptopu yake hapa kitengo cha TEHAMA, Arusha. Umeme ulikatika Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya mfumo endeshi wa Linux, ikiwa katikati ya kujisasisha, na betri ilishachoka siku nyingi. Tangu hapo kila akiwasha anaona maandishi meupe yenye maneno "kernel panic" (kiini cha mfumo kimekwama), basi. Fundi aliyeiona kwanza alishatoa hukumu: diski imekufa.

Diski ilikuwa nzima. Kilichokuwa na kasoro ni faili moja tu ndani ya /boot, folda ya kuwashia mfumo; jina la faili hilo huanza na initrd.img.

Chukua mfano wa ghala la kahawa. Mtunza ghala amefika alfajiri, kufuli limefungwa, na ufunguo ameusahau ndani ya ghala lenyewe. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huanza siku yake katika hali hiyohiyo. Ili isome diski inahitaji draiva (programu za kuendeshea kifaa) za diski hiyo, iwe ya SATA, NVMe au USB, pamoja na moduli (kipande cha kerneli kinachopakiwa kando) ya mfumo wa mafaili kama ext4. Nyingi ya moduli hizo zimehifadhiwa kwenye /lib/modules, yaani ndani ya diski ileile isiyosomeka bado.

Kwa nini zisiunganishwe zote na kerneli moja kwa moja? Inawezekana, na mwenye kifaa kimoja anachokijua vizuri anaweza kujenga kerneli ya namna hiyo, akaachana kabisa na faili lile la initrd. Lakini toleo la watu wote kama Ubuntu au Debian halijui itawekwa kwenye mashine gani. Kubeba draiva za dunia nzima ndani ya kerneli ni kujaza ramu mizigo isiyotumika.

Ndiyo maana GRUB, programu inayoanzisha mfumo kompyuta inapowaka, hupakia vitu viwili kwenye ramu: kerneli na kifurushi kidogo kilichobanwa, ndicho faili lile la initrd.img. Kerneli hukifungua humohumo kwenye ramu, kisha huendesha programu ya ndani yake iitwayo init. Hiyo ndiyo inayopakia draiva, inayoitafuta diski kwa namba yake ya utambulisho (UUID), na inayokuomba nywila kama diski imefungwa kwa usimbaji. Kazi ikiisha inaukabidhi usukani kwa mfumo wenyewe. Zamani kifurushi hiki kilikuwa kweli picha ya diski. Tangu kerneli 2.6 ni mafaili yaliyofungwa pamoja kwa cpio, muundo wa kufungasha mafaili, na jina lake sahihi ni initramfs. Jina la initrd limeng'ang'ania tu.

Wanaohamisha diski kutoka kompyuta moja kwenda nyingine wawe macho hapa. Kwa kawaida Ubuntu hufungasha draiva nyingi, kwa hiyo diski yake huhama bila shida kubwa. Fedora, toleo jingine la Linux, hufungasha zinazohitajiwa na mashine husika, hivyo diski yake inaweza kugoma ikifika ugenini. Imeweka kifurushi cha uokoaji kwenye menyu kwa ajili hiyo.

Kwa mwalimu wetu, tuliingia menyu ya GRUB, tukachagua kerneli ya zamani, ambayo kifurushi chake kilikuwa salama. Ikawaka. Tukahakikisha kwa amri ya df -h kwamba /boot haijajaa (ikijaa, kifurushi kipya hukosa nafasi ya kuandikwa), kisha tukaendesha sudo update-initramfs -u -k all, amri ya kujenga upya vifurushi hivyo, na kuwasha upya. Maswali ya mtihani wa kidato cha pili aliyokuwa akiyalilia yalikuwa palepale alipoyaacha.