Matiko si makali, wala si maji

Wiki hii nimeambiwa tena: "Fundi, hiki kisu hakina matiko. Nimesimama hapa nikaona kwa macho yangu, hujakitumbukiza popote, umekibana tu kwenye mabamba." Aliyemtangulia alileta kisu butu akaniomba nikitie matiko mapya, kumbe anataka kinolewe. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, acha niandike.

Matiko ni ugumu ambao pua huupata ikipashwa moto hadi kiwango chake kisha ikapozwa haraka. Maana yake imeishia hapo. (Na pua ni chuma hicho cha visu, mashoka na patasi cha kila aina, si kile kisichoshika kutu peke yake kama matangazo ya masufuria yanavyotaka tuamini.)

Kinachotupotosha ni kitenzi. Matiko hayafanywi wala hayapigwi, matiko hutiwa. Na mtu akisikia kutia, mawazo yanakwenda kwenye chumvi na mchuzi: kuna kitu kilikuwa nje kikaingia ndani. Kwa mhunzi tulichokiona ni maji, ule mlio wa chwaa na mvuke kumfunika mzee mzima, basi tukaamua kwamba matiko yanatoka majini. Lakini tunatia saini, tunatia nia, tunatia moyo, na sijaona mtu akimiminiwa moyo kwa kikombe. Maji hayaachi chochote ndani ya kisu. Yanachukua joto na kuondoka nalo, tena upesi. Mafuta hufanya kazi hiyohiyo kwa upole zaidi. Na mabamba mawili ya alumini, yaliyochongwa yakawa bapa kabisa, nayo huifanya.

Upesi kiasi gani, hilo linategemea chuma chenyewe. Pua ya kawaida yenye kaboni nyingi na isiyo na mengine ya maana haina subira: ikitoka kwenye nyuzi 800 inabidi ishuke chini ya 550 ndani ya sekunde moja hivi, la sivyo inabaki laini. Mwaka 1930 Wamarekani wawili, Davenport na Bain, walichapisha michoro ya muda na joto inayoonyesha jambo hilo, na kwenye mchoro kuna mbinuko ambao wataalamu huuita pua, kama pua ya usoni: chuma kikichelewa kuupita, kinabaki laini. Kwa hiyo nikiwaambia vijana wa karakana kwamba kisu lazima kiiwahi pua ya pua, wanacheka, lakini hawasahau.

Sasa ongeza kromiamu, metali inayochanganywa kwenye pua. Kwenye AEB-L, pua ya Kiswidi iliyobuniwa kwa ajili ya nyembe, yenye kromiamu asilimia 13 hivi, ule mbinuko umesogea mbali na chuma kinakupa nafasi ya kupumua. Hiki hakihitaji maji, na ukikitia maji unakitafutia ufa. Nakifunga kwenye karatasi ya chuma kisichoshika kutu ili hewa isile uso wake, nakipasha hadi nyuzi 1060 au karibu na hapo, nakitoa na koleo kingali na karatasi yake, nakilaza juu ya bamba, nafunika kwa bamba la pili na kubana. Rangi ya chungwa inapotea kabla hujamaliza kukaza. Watu huuliza mbona alumini haiyeyuki, na yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ni kwa sababu kisu cha jikoni kina unene wa milimita 2, mabamba yangu yana 25 kila moja, na alumini husambaza joto mwilini mwake haraka mara nne hivi kuliko pua ya kawaida. Joto halipati muda wa kukaa mahali pamoja likafanya uharibifu.

Ukitaka kujua kama matiko yameingia, usiangalie maji. Pitisha tupa. Ikiuma, hakuna matiko. Ikiteleza kama inayopita juu ya kioo, yapo.

Kero yangu ya pili ni watu kuyaita mabamba haya ya alumini "mabamba ya kunyooshea visu vigumu". Hayanyooshi kisu kigumu. Hakuna kinachonyoosha kisu kigumu kwa kukibana tu. Chuma kikiwa na moto mkali huwa katika hali inayoitwa austenaiti, jina linalomkumbuka Mwingereza Roberts-Austen, na hali hiyo ni laini. Kikipozwa upesi kinabaki hivyo hivyo laini hadi joto lifike karibu na nyuzi 200, kutegemea aina, ndipo kinapoanza kugeuka kuwa martensaiti, ya Mjerumani Adolf Martens. Martensaiti inadai nafasi kubwa zaidi. Upande mmoja wa kisu ukitangulia kugeuka, unausukuma mwenzake, na kisu kinapinda. Mabamba yanapoza pande zote mbili kwa pamoja huku yakikishika kisibenuke. Yaani yananyoosha kitu ambacho bado hakijawa kigumu, na kazi yake kubwa zaidi ni kukizuia kisipinde tangu mwanzo.

Baada ya hapo kuna dakika chache za thamani. Unakitoa kingali na uvuguvugu, unafumba jicho moja na kuutazama mgongo wake kwenye mwanga, na ukiona kombo unakisahihisha kwa mikono yenye glavu. Kinakubali, halafu unasikia kinaanza kukataa. Mwaka wa kwanza niliacha kimoja nikaenda kunywa chai. Niliporudi kilikuwa cha baridi, nikakibana kwenye jiliwa nikivute kidogo tu: ka! Kipande kimoja nilikipata chini ya mashine ya kusaga baada ya siku mbili.

Kilichopoa kikiwa kimepinda bado kina njia. Unakifunga kwenye pao la chuma, unaweka kipande chembamba katikati ili kipinde kidogo upande wa pili, kisha kinaingia kwenye oveni kwenye nyuzi 180 kwa saa mbili. Huko kupasha kwa mara ya pili, ambako hufanyiwa hata kisu kilichonyooka ili kisivunjike kama sahani, wengine pia hukuita kutia matiko. Sivyo. Matiko yalishaingia, hapo unayapunguza makusudi.

Na usije na springi ya gari ukaniomba niibane mabamba moja kwa moja kwa kuwa umesoma hapa. Kromiamu yake haifiki hata asilimia moja, yenyewe inataka mafuta. Nitaizamisha sekunde chache, kisha ndiyo iende kwenye mabamba ingali laini.

Kwa hiyo ndugu yangu wa juzi, kisu chako kimetiwa matiko, kimetiwa kwa mabamba. Ukikirudisha baada ya miezi mitatu kikiwa hakikati nyanya, matiko yatakuwa bado yapo, yameenea mwili mzima kuanzia ncha hadi kwenye mpini. Kilichoondoka kitakuwa makali. Sema tu, "Fundi, ninolee," nami nitachukua kinoo.