Ujumbe wa mgeni unakaa wapi? Kulinganisha programu za kuchati kwenye kompyuta ya ofisi

Ukitafuta mtandaoni programu bora za kuchati kwenye kompyuta, utaletewa orodha nyingi za "kumi bora", na nyingi kati yake zimebadilishwa tarehe tu. Kuna njia ya haraka ya kuzichuja. Skype ilifungwa tarehe 5 Mei 2025. ICQ ilifungwa tarehe 26 Juni 2024. Google Hangouts iliondoka Novemba 2022. Programu ya Messenger ya kusakinisha kwenye Windows na Mac, Meta waliisitisha Desemba 2025, na sasa kwenye kompyuta Messenger hutumika kupitia Facebook kwenye kivinjari. Ukiona orodha inapendekeza mojawapo ya hizi kana kwamba bado ipo, funga ukurasa. Aliyeiandika hakuifungua programu anayoisifia.

Kasoro ya pili ni ngumu zaidi kuiona, kwa sababu imo hata kwenye orodha mpya. Hulinganisha vitu visivyomsaidia mtu wa ofisini: wingi wa stika, rangi za mandhari, kundi linabeba watu wangapi. Kampuni ya utalii ya Njiro, Arusha, au ofisi ya kupandisha wageni mlimani pale Moshi haihitaji kundi la watu 200,000. Inahitaji kujua kitu kimoja kabla ya vingine vyote: ujumbe wa mgeni, pamoja na picha ya pasipoti yake na makubaliano ya malipo, unakaa wapi hasa? Kwenye simu, kwenye seva ya kampuni yenye programu, au kwenye diski ya kompyuta ile? Ukishalijua hilo, unajua pia simu ikiibiwa itakuwaje, bando litaliwa vipi, na mfanyakazi akiondoka anaondoka na nini.

Nianze na WhatsApp, maana ndiyo iliyomo karibu kila ofisi. Orodha za zamani zinadai kwamba simu lazima iwe imewashwa na iwe na mtandao ndipo kompyuta ifanye kazi. Ilikuwa hivyo tangu WhatsApp Web ilipotoka Januari 2015, lakini mfumo mpya ulianza kujaribiwa Julai 2021, na leo kila kifaa kina funguo zake za kufumbua ujumbe, bila kuitegemea simu. Simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne, na simu ikizima chaji, kompyuta zinaendelea kupokea na kutuma.

Lakini kuna sharti. Simu ikikaa siku 14 bila kutumika, vifaa vyote vilivyounganishwa vinatolewa. Hapa kwetu jambo hili hujitokeza wakati wa masika, mwezi wa nne na wa tano, wageni wanapopungua. Ofisi inafungwa, simu ya kampuni inazimwa na kuwekwa droo, na wiki ya tatu mtu wa oda anafungua laptopu nyumbani na kukuta msimbo wa QR unamsubiri. Simu haina kosa, wala laptopu. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuiwasha simu hiyo, kuiweka hewani na kuifungua WhatsApp kila Jumatatu. Dakika chache zinatosha.

Ujumbe wa WhatsApp ukishafika, haubaki kwenye seva. Unakaa kwenye simu, na nakala yake kwenye kila kompyuta iliyounganishwa. Kompyuta mpya ikiunganishwa hupewa na simu mazungumzo ya karibuni. Watu wengi huchukulia kompyuta kuwa ndiyo akiba yao, na hapo ndipo wanapoumia: ukiitoa kompyuta kwenye orodha ya vifaa, mazungumzo yake yanafutika. Akiba ya kweli ni ile ya simu, inayopelekwa Google Drive kwa Android au iCloud kwa iPhone. Fungua Mipangilio, kisha Gumzo, kisha Hifadhi rudufu, usome tarehe ya mwisho. Ikiwa ni ya miezi mitatu nyuma, nafasi imejaa au simu imepangiwa ipakie kwa Wi-Fi tu na haijawahi kukaa kwenye Wi-Fi usiku kucha.

Jambo jingine ambalo orodha hazilitaji: WhatsApp haitofautishi wafanyakazi. Kompyuta ya oda, ya uhasibu na ya operesheni zote zinaona kila kitu, na mgeni hajui nani kamjibu. Ninapendekeza kila mtu amalizie ujumbe kwa herufi mbili za jina lake. Ni jambo dogo, lakini siku mgeni atakapodai aliahidiwa chumba cha watu wawili Karatu kwa bei fulani, utajua pa kuanzia kuuliza.

Telegram ni mfumo mwingine kabisa. Mazungumzo ya kawaida yanakaa kwenye seva zao, kwa hiyo ukiingia kwenye kompyuta mpya unakuta kila kitu tangu siku ya kwanza, na simu ikipotea kompyuta haitikisiki. Hata msimbo wa kuingilia kwenye simu mpya unaletwa ndani ya Telegram iliyofunguliwa kwenye kompyuta, jambo linalookoa sana wakati laini bado haijarudishwa. Faili moja linaweza kufika GB 2, kwa hiyo video ya Ngorongoro inakwenda nzima bila kukatwakatwa.

Gharama yake ni hii. Mazungumzo hayo ya kawaida hayajafumbwa mwisho hadi mwisho, yaani kwa namna ambayo wanaozungumza tu ndio wanaoweza kuyasoma. "Gumzo la siri" lenye ulinzi huo halimo kabisa kwenye Telegram Desktop ya Windows. Halafu, yeyote atakayeshika kompyuta iliyofunguliwa anashika historia yote. Kwa hiyo weka uthibitishaji wa hatua mbili, ambao ni nenosiri juu ya msimbo wa SMS, na uweke pia nenosiri la kufungulia programu yenyewe.

Kuna jingine linalohusu pesa moja kwa moja. Kwenye Telegram, mmoja kati ya wawili wanaozungumza anaweza kufuta ujumbe kwa pande zote mbili wakati wowote, hata baada ya mwaka. Kwenye WhatsApp muda wa kufuta kwa wote ni siku mbili na saa 12. Maana yake, makubaliano ya malipo ya awali yaliyofanyika Telegram yanaweza kutoweka ofisini kwako bila wewe kugusa kitu. Bei ikishakubaliwa, iandike kwenye ankara, itume kama PDF, na uhifadhi PDF hiyo kwenye folda ya safari. Telegram Desktop ina pia uwezo wa kutoa nakala ya mazungumzo nzima: fungua gumzo, bonyeza nukta tatu juu kulia, chagua kutoa historia, na itahifadhiwa kwenye diski kama ukurasa unaofunguka kwa kivinjari.

Malalamiko ya kwamba "Telegram imejaza kompyuta" yana vyanzo viwili, na wengi husafisha kimoja tu. Cha kwanza ni akiba ya muda (cache), yaani nakala za picha na video ulizokwisha kuzifungua. Ingia Mipangilio, sehemu ya Advanced, kisha usimamizi wa hifadhi ya ndani. Utakuta vitelezi vya ukubwa na vya muda. Kwa laptopu yenye diski ya GB 128, mimi huweka jumla GB 1 na muda wa mwezi mmoja. Kinachofutwa hapo kinaweza kushushwa tena kutoka seva. Cha pili ni folda iitwayo Telegram Desktop iliyo ndani ya Downloads. Kila faili ulilolihifadhi limo humo, na kusafisha akiba hakuligusi. Lipange folda hilo kwa ukubwa wa faili, na mara nyingi video kumi za juu ndizo zilizoshika nafasi yote.

Signal naieleza kwa ufupi kwa sababu kazi yake ni moja na inaifanya vizuri. Kila kitu kimefumbwa mwisho hadi mwisho, na kwa kawaida mazungumzo yanakaa kwenye vifaa vyenyewe. Simu inaunganishwa na vifaa vitano. Zamani kompyuta mpya ilianza tupu. Tangu Januari 2025 unaweza kuhamishia mazungumzo pamoja na picha na faili za siku 45 za mwisho. Faili moja lisizidi MB 100. Kwa nyaraka nyeti ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu ukiweka ujumbe unaojifuta baada ya wiki moja, pasipoti inafutika kwenye gumzo la pande zote mbili bila mtu kukumbushwa.

Sasa mashine yenyewe. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Arusha mjini zina RAM ya GB 4 au 8. Usiamini orodha inaposema programu fulani ni "nyepesi", pima. Funga kila kitu, fungua programu moja, iache dakika tano, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, dirisha linaloonyesha kila programu inakula RAM kiasi gani. Soma jumla iliyo kwenye mstari wa jina la programu; ukibonyeza kishale kilicho pembeni yake, mistari inayounda jumla hiyo itafunguka. Telegram imeandikwa kwa C++ na huwa chini kuliko wenzake. Signal inabeba kivinjari kizima ndani yake. WhatsApp ya Windows, kwa matoleo ya kuanzia mwishoni mwa 2025, nayo inaendeshwa juu ya injini ya kivinjari cha Edge. Kwa hiyo kwenye mashine ya GB 4 ambayo Chrome iko wazi siku nzima, kuifungua WhatsApp ndani ya Chrome hiyo hiyo mara nyingi kunatosha.

Bando nalo lina hesabu yake. Mwongozaji akituma picha 40 kama hati, kila moja MB 3, hizo ni MB 120. Namba ikiwa na kompyuta tatu zinazopakua zenyewe, ni MB 360 juu ya zile za simu. Zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye kompyuta zote isipokuwa ya mtu wa masoko. Na kama ofisi inatumia modemu ya laini, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows uiweke kama mtandao unaopimwa (metered), la sivyo masasisho ya Windows yatakula bando nanyi mtaisingizia WhatsApp.

Kwa Facebook na Instagram sishauri kusakinisha chochote. Instagram inapokea picha kutoka kwenye kivinjari cha kompyuta tangu Oktoba 2021, na Meta Business Suite inaleta jumbe za ukurasa wa Facebook na za Instagram kwenye kikasha kimoja, pamoja na kupanga machapisho ya wiki nzima. Faida yake kubwa ni majukumu: kila mfanyakazi anaingia kwa akaunti yake, na akiondoka unamtoa yeye peke yake bila kubadilisha nenosiri la ofisi.

Kwenye WhatsApp, Telegram na Signal kazi hiyo unaifanya kwa mkono, siku ile ile mtu anapokabidhi ofisi. Kwenye simu ya kampuni fungua Vifaa vilivyounganishwa. Soma kila jina na muda wa mwisho kilipotumika, usichokitambua kitoe. Kwenye Telegram nenda Vifaa, sitisha vipindi vingine vyote, kisha uingie upya kwenye kompyuta zinazobaki. Badilisha na nenosiri la hatua mbili, kwa sababu aliyeondoka huenda analijua.

Halafu fungua folda ya Downloads ya kompyuta aliyokuwa akiitumia. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihusu kampuni yako pia, na pasipoti za wageni zilizofutwa kwenye gumzo mara nyingi bado zimo humo. Zile za safari zijazo hamishia kwenye folda ya safari yenye nenosiri, zilizobaki zifute, kisha utupe na vilivyomo kwenye kapu la taka la Windows.